Kwa nini changu wa wifi aligandia kwenye kikaango

Wifi yangu anaishi Tabata, Dar es Salaam, pamoja na mdogo wangu na watoto wao wawili, na kipindi hicho mama yetu alikuwa amekuja kukaa nao. Jumatatu moja jioni alikaanga changu wawili kwa chakula cha usiku. Ngozi ya upande wa kwanza ilibaki yote kwenye kikaango, nyama ikamegeka vipande vipande, mikia ikaungua, na kwenye uti wa mgongo nyama ilikuwa bado mbichi. Samaki mmoja, na ameungua huku hajaiva. Wapishi wengi wa nyumbani wanaijua hali hii, na wengi wameamua kwamba wao na samaki wa kukaanga basi tena. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwepo jikoni, hivyo mfululizo wa mambo naujua bila kusimuliwa. Changu wale walinunuliwa soko la Feri Jumamosi asubuhi, vijana wa pale pale wakawapaa magamba na kuwatoa matumbo, na walipofika nyumbani wakaingia kwenye friza. Jumatatu wifi alirudi kazini saa 12 na nusu jioni. Akawatoa wakiwa wagumu kama jiwe, akawatumbukiza kwenye beseni la maji wayeyuke haraka. Walipolainika akawachanja, akatwanga tangawizi na kitunguu saumu, akachanganya na chumvi na ndimu, akawapaka nje na ndani. Jiko lilikuwa la gesi lenye sehemu mbili: upande mmoja maji ya ugali, upande wa pili kikaango chepesi cha alumini. Akamimina mafuta ya alizeti ya kufunika kitako tu, akawasha moto, na punde akawalaza samaki wote wawili, mkia wa huyu ukigusa kichwa cha yule.

Sauti iliyotoka ndiyo iliyonifanya nigeuke. Samaki akiingia kwenye mafuta yaliyo tayari, hulia kwa nguvu papo hapo na mlio hauyumbi. Hawa walilia kidogo, wakanyamaza, kisha ukaanza mtokoto hafifu wa kitu kinachochemka. Mafuta yakaanza kuruka. Dakika 2 hazijaisha wifi akaingiza mwiko ageuze, samaki hakutoka, akakwangua, ngozi ikabaki chini. Akaongeza moto ili mambo yaende. Kuanzia hapo tangawizi na kitunguu saumu vilivyodondoka viligeuka vyeusi, mafuta yakapata uchungu, na samaki aliyekuwa amechemka akaanza kuungua.

Chakula hakikutupwa. Wifi ana mkono mzuri wa mchuzi: aliwachambua miba, akakaanga vitunguu na nyanya kwenye sufuria nyingine, akatia tui la nazi, na zile sehemu mbichi zikaivia humo. Watoto walikula ugali wao wakashiba. Ila swali lilibaki mezani, na kila mtu alikuwa na jibu lake.

Mdogo wangu alisema tatizo ni kikaango, wanunue kile kisichogandisha. Mama alisema samaki hakuwa mzuri tena, amekaa friza siku mbili, na samaki aliyechoka humegeka. Wifi mwenyewe alijilaumu: "Wifi, mimi samaki wa kukaanga hawanitaki, nitabaki na mchuzi." Majibu yote matatu nimeyasikia kwenye nyumba nyingi, na kila moja lina kaukweli fulani.

Nianze na la mama, kwa sababu ndilo lenye uzito zaidi. Samaki aliyeanza kuharibika kweli hulegea nyama na humegeka hata ukimgeuza kwa upole. Lakini hawa niliwaona walivyokuwa kabla ya kupakwa viungo. Matamvua yalikuwa bado mekundu, na nyama ukiibonyeza kwa kidole ilirudi. Harufu ilikuwa ya bahari tu. Siku mbili kwenye friza inayogandisha vizuri haziozeshi changu. Kilichofanyika humo ni kingine: friza ya nyumbani hugandisha polepole, na maji yaliyomo kwenye nyama hujenga chembe kubwa za barafu zinazopasua kuta za nyama yenyewe. Samaki akiyeyuka, maji yale hayana tena pa kukaa, yanachuruzika. Kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kuishuku friza, ila friza iliongeza maji, haikumwozesha samaki.

(Tahadhari yake ya jumla naiunga mkono kwa samaki wa aina nyingine. Jodari na vibua wakikaa nje kwenye joto, au friza ikizimika umeme ukikatika saa nyingi, hujenga kemikali iitwayo histamini kwenye nyama, na moto wa kukaanga hauiondoi. Mtu hula samaki aliyeiva vizuri kabisa, kisha uso unamwiva wekundu na mwili unamwasha. Kama hujui samaki hao walilalaje, waache.)

Jibu la kikaango nalo lina ukweli. Alumini nyepesi hupata joto haraka na kulipoteza haraka, na juu ya gesi huwa na madoa ya moto mkali palipo na ndimi na sehemu za pembeni zilizopoa. Kikaango kizito cha chuma kingemsamehe wifi makosa zaidi. Kile kisichogandisha kingeizuia ngozi isishike, ila samaki bado angechemka badala ya kukaangika, angetoka mweupe na mlegevu, na kwenye uti wa mgongo angekuwa mbichi vilevile. Isitoshe, vikaango hivyo havipendi kupashwa moto mkali vikiwa vitupu, na ngozi nzuri ya changu inadai moto wa kutosha.

Sasa niseme ninachoamini ndicho kilichotokea. Wifi alifuata kanuni alizofundishwa, na alizifuata sawasawa. Shida ni kwamba kanuni hizo ni za karai.

Mama yetu kakulia Tanga, na samaki kajifunza kukaanga kwenye karai juu ya kuni, mafuta mengi kiasi cha samaki kuzama. Kwa utaratibu huo unampaka samaki chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, unamwacha kidogo, unamtumbukiza. Anatoka mwekundu, mkavu, ngozi inavunjika mdomoni. Ukienda Feri utawaona wakaangaji wakifanya hivyo siku nzima, na hawahangaiki kufuta maji. Karai linawabeba. Mafuta lita kadhaa yaliyopata moto yana akiba kubwa ya joto. Samaki mwenye maji akiingia, joto linashuka kidogo tu, maji yanageuka mvuke na kutoka kwa fujo pande zote, na mafuta yanaendelea na kazi. Samaki halali juu ya chuma kwa muda mrefu, mafuta yanamzunguka, hivyo ngozi haina cha kushikana nacho. Unene wa mgongo unaiva kwa sababu joto linaingia kutoka kila upande kwa pamoja.

Kwenye kikaango chenye mafuta ya kufunika kitako hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Akiba ya joto ni ndogo mno. Samaki analala juu ya chuma kwa uzito wake wote. Joto linatoka chini peke yake. Na maji aliyokuja nayo hayana pa kukimbilia isipokuwa kati ya ngozi na chuma, mahali pale pale tunapotaka pawe pakavu. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na yakiwepo, uso wa samaki haupandi zaidi ya hapo. Ule wekundu wa kukaanga, pamoja na harufu yake, huanza kuja kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo changu wa wifi alikaa dakika zake zote za mwanzo akichemshwa upande mmoja. Na nyama mbichi yenye unyevu ikigusa chuma cha moto, protini zake hushikana na chuma. Zikiachwa hadi uso ukauke na kufanya ukoko, ukoko huo hujiachia wenyewe. Wifi aligeuza wakati kushikana kumekamilika na ukoko haujaanza. Hakuna dakika mbaya zaidi ya kumgusa samaki kuliko hiyo.

Familia nyingi zimehama kutoka karai kwenda kikaango, kwa sababu mafuta ni ghali, jiko ni dogo na wanaokula ni wanne au watano. Ni uamuzi wa busara. Ila kanuni za jikoni hazikuhama nao, na hakuna aliyetuambia kwamba zinapaswa kubadilika. Binti anamwona mama yake akipaka ndimu na kutumbukiza, naye anapaka ndimu na kulaza, na samaki akigandia anadhani mkono wake ndio mbaya.

Tukizipitia hatua za jioni ile kwa macho hayo, kila moja inaonyesha mahali pake. Beseni la maji lilimwongezea unyevu samaki ambaye tayari alikuwa akichuruzika. Chumvi nayo huvuta maji kutoka kwenye nyama: ukiitia sekunde chache kabla ya kukaanga haijapata muda wa kuvuta, ukiitia dakika 20 kabla, imevuta na unaweza kuyafuta, ukiitia dakika 5 kabla na usifute, umepata maji yote juu ya ngozi wakati mafuta yanasubiri. Wifi alikuwa kwenye hizo dakika 5.

Ndimu sitaki mtu aiache. Shombo ya samaki hutokana na kemikali zenye asili ya magadi, na asidi ya ndimu huzituliza, ndiyo maana tangu zamani pwani samaki huoshwa kwa ndimu. Lakini kazi hiyo huisha kwenye kuosha. Ndimu ikibaki juu ya ngozi ni maji tu, na ikikaa muda mrefu huanza kuibadilisha nyama kuwa nyeupe kabla ya moto. Oshea ndimu, kausha, halafu kamua nyingine mezani.

Kuhusu tangawizi na kitunguu saumu najua nitapingwa. Kwenye karai vikidondoka vinaelea na kuchujwa. Kwenye kikaango vinakaa katikati ya ngozi na chuma na kuungua muda mrefu kabla samaki hajaiva. Havina kazi juu ya ngozi. Vijaze ndani ya mikato na kwenye tumbo, ambako vitaivia taratibu na mvuke wa nyama, na ngozi ibaki na chumvi na pilipili manga, basi.

Ijumaa ya wiki hiyo tulirudia, na kwa makusudi hatukubadilisha vitu ambavyo familia ilikuwa inavilaumu: kikaango kile kile, jiko lile lile, changu wawili waliotoka friza ile ile. Asubuhi kabla ya kwenda kazini wifi aliwahamisha kutoka friza hadi sehemu ya chini ndani ya friji, wakiwa kwenye bakuli, wakayeyuka taratibu mchana kutwa. Jioni maji yaliyokusanyika kwenye bakuli yalimshangaza yeye mwenyewe. Akawaosha haraka kwa ndimu, akawachanja mikato 3 kila ubavu hadi kugusa mwiba, akawapaka chumvi, akawaacha huku akikatakata kachumbari.

Kisha kukausha, na hapa ndipo tulipokaa muda. Alitumia kitambaa cha pamba safi. Upande wa nje ulikauka upesi, lakini samaki ana maficho. Aliufungua kila mkato kwa vidole na kubonyeza kitambaa ndani. Aliinua pezi la ubavuni, chini yake kulikuwa na maji. Aliingiza kitambaa tumboni na kukizungusha, kikatoka kimelowa na damu kidogo iliyokuwa imeganda kwenye uti wa mgongo. Maji ya tumboni ndiyo hatari kubwa, kwa sababu hukaa kimya hadi unapogeuza, kisha yanamwagika kwenye mafuta ya moto na kukurukia mkononi. Tulipoona kitambaa kinapita na kutoka kikavu, tukatia viungo ndani ya mikato.

Mafuta aliyapa muda. Aliweka kidogo tu zaidi ya mara ya kwanza, akachovya ncha ya mwiko wa mti, na tukasubiri hadi vipovu vidogo vilipouzunguka kwa haraka. Yakianza kutoa moshi umechelewa. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa mashine ndogo na kuchujwa tu hutoa moshi mapema kuliko yaliyosafishwa kiwandani, kwa hiyo aliyenayo hayo asisubiri hadi yafukize.

Safari hii aliweka samaki mmoja tu. Alimlaza kuanzia upande wake kwenda mbali, ili mafuta yakiruka yaelekee ukutani, akambonyeza mgongoni kwa mwiko kwa muda mfupi ili ngozi isijikunje, akapunguza moto kuwa wa wastani. Mlio ulikuwa ule ninaoutaka, mkali na usiokatika. Halafu ikaja sehemu aliyosema ndiyo ngumu kuliko zote, kutomgusa. Mara mbili aliinua mwiko na mara mbili niliushika mkono wake.

Badala ya kugusa, tulitazama mikato. Mkato ni dirisha. Nyama mbichi ya changu inapitisha mwanga kidogo, na inapoiva inakuwa nyeupe kama karatasi. Weupe ule unaanza chini, kwenye chuma, na kupanda. Ulipofika nusu ya unene wa samaki, na kingo za ngozi zimekuwa za rangi ya asali, wifi alitikisa kikaango. Samaki akateleza mwenyewe, mzima. Aliingiza mwiko bapa chini yake, akamgeuza. Kipande kidogo cha ngozi karibu na mkia kilibaki, pale ambapo kitambaa hakikupita vizuri.

Upande wa kwanza ulichukua kama dakika 5, wa pili dakika 4. Wako wapishi wanaokadiria dakika 10 kwa jumla kwa kila sentimita 2.5 za unene, na kwa changu hawa kipimo hicho kilikaribia. Ila mimi nategemea zaidi ncha ya kisu. Iingize kwenye mkato mnene zaidi, nyuma ya kichwa, na usukume kidogo kuelekea mwiba. Nyama ikiachia mwiba na haina rangi ya waridi, samaki ameiva. Mwenye kipimajoto cha nyama atake nyuzi 63 katikati.

Wa pili alifuata baada ya mafuta kupata moto tena na mabaki kuchotwa. Wakati wake anakaangwa, ugali ulisongwa kwenye sehemu ya pili ya jiko. Tangu kuwasha moto hadi kukaa mezani haikufika nusu saa. Muda wa ziada ulitumika kukausha, na ulirudi kwa kutokwangua kikaango usiku.

Mama alikula, akasema ngozi ni nzuri lakini nyama ya karai ina ladha zaidi, kwa sababu viungo vinakuwa vimekolea nje. Ana hoja. Samaki wa kikaango anaonja zaidi usamaki wake kuliko viungo, na anayetaka ule ukali wa tangawizi inambidi aukute kwenye mikato. Wifi alijaribu baadaye kupaka unga kidogo wa ngano juu ya ngozi iliyokaushwa, na unga ule ulishika viungo vya unga kama bizari bila kuungua. Kwa changu mimi naona unga unaficha ngozi iliyo tamu yenyewe. Kwa minofu ya sangara, ambayo haina ngozi na ina maji mengi, ningeuweka bila kusita.

Kuna kikomo cha njia hii. Changu wale walikuwa wa nusu kilo hivi kila mmoja, na mgongo wa unene wa vidole viwili. Chewa mkubwa au kolekole mzima hatakubali kwenye kikaango chembamba hata umkaushe vipi, kwa kuwa nje kutaungua kabla joto halijafika kwenye mwiba. Huyo mwambie kijana anayekupalia samaki amkate vipande vya kukingama, unene wa kidole kimoja na nusu, mwiba ukiwa katikati, na nguru mkate vivyo hivyo. Vipande hivyo havina ngozi ya kulinda pande zake bapa, kwa hiyo kausha zaidi, weka vichache kwa mara moja, na upande wa kwanza uwe ndio unaopata muda mrefu.